Nafasi ya Mama

Fundi Lubango hauzi mtumbwi mpaka familia nzima iukalie kwanza, hapo hapo mchangani. Mtumbwi wa leo ulikuwa mwembamba wa kupita kwenye matete ya mtoni, na pua yake ndefu ingekata mawimbi ya ziwa. Mume wa Nyamizi akaketi na mabinti zao wawili. Mtumbwi ukalala upande.

“Umepinda huu,” mume akasema.

“Haujapinda, Baba Kabula. Nafasi ya mama ndiyo iko wazi,” fundi akajibu.

Nyamizi alikuwa amesimama kando; hakuwa amepanda mtumbwi tangu ule wa zamani uwapindukie ziwani.

“Mmekaa kama magunia ya mihogo,” akawaambia. Akatanguliza kikapu chake ndani, akavua ndala moja, akaingiza mguu. Mtumbwi ukaanza kunyooka, taratibu, ndala ya pili ikiwa bado mchangani.