Chunusi Tatu za Nyamizi

Treni ilikuwa imeshaanza kutembea, mimi na mjukuu wangu Nyamizi tumebaki nje, na mama yake yuko ndani anagonga kioo. Siku hizi mlango wa treni husoma uso. Ukiona chunusi haufunguki. Alikuwa nazo tatu tu. Tukarudi nyumbani kuzitibu, na wiki iliyofuata nikamkuta amejisugua.

"Nilikwambia sabuni laini na vidole, asubuhi na jioni, basi. Wewe ukashika dodoki, unasugua sufuria?"

"Babu, nilitaka ziishe upesi."

Uso mzima ulikuwa umechubuka. Tuliuosha taratibu wiki nane, ukapona, ukabaki na makovu. Tuliporudi stesheni, mlango ukasema sura hii haimo kwenye kumbukumbu zake, ni ya mgeni.

Mama yake alifia hukohuko treni ilikompeleka, masika yaliyofuata. Nyamizi anafagia stesheni. Mimi, niliyezunguka nchi nzima, sisafiri tena; siwezi kumwacha peke yake.