Jicho la Nyati

Katika karakana ile, jicho la mnyama lilichongwa mwisho. Fundi akishalichonga, aliweka patasi chini, kazi ikawa imekwisha.

Binti aliinamia kioo cha kukuzia. Bunduki ya mitutu miwili iliyokuwa mbele yake ilikuwa na bamba la chuma kila ubavu. La kulia alilinakshi yeye, kwa ndovu. La kushoto alilinakshi baba yake, kwa nyati ambaye manyoya yake yalilala unyoya kwa unyoya, kana kwamba yanangoja kupapaswa.

Nyati huyo alikuwa na macho mawili, yote upande mmoja wa uso.

La kwanza baba alilichonga jana, na binti alimpongeza. La pili, chini yake kidogo, lilikuwa bado na chenga za chuma. Yote mawili hayakuwa na kasoro. Chuma hakifutiki.

"Mbona kimya, mama, au ni wivu?" aliuliza baba, akipangusa miwani kwa shati. "Ndovu wako ana masikio kama ya mkwe wangu."

"Afadhali ndovu, Baba. Mkwe wako hayo masikio hayamsaidii kusikia."

"Haya, wamwonaje nyati?"

Sifa kubwa kuliko zote pale ilikuwa moja, na baba ndiye aliyemfundisha.

"Ananitazama, Baba."

Mzee alivaa miwani, akavuta kiti karibu.

"Atakutazamaje, mwanangu," alisema kwa upole, akiichukua patasi, "na jicho bado sijalichonga?"