Buti Lisilofunga

Sheria mpya ilipoingia mjini, Bi Mwatumu aliipigia vigelegele. Ukigongwa, huhangaiki tena na bima ya aliyekugonga; unalipwa na kampuni yako mwenyewe, halafu wao watadaiana huko huko. Na kampuni yake si ndiyo ya Kandoro, yule wakala anayemletea kalenda kila mwaka na kumwita dada?

Basi lori lilipompondea gari kwa nyuma akiwa ameegesha zake, alifunga buti kwa kamba akaenda kwa Kandoro huku anacheka. Jumamosi alikuwa na keki ya harusi ya kupeleka, na buti lililo wazi lingeilisha vumbi.

Kandoro alitoka na tai yake fupi kama ulimi wa mbuzi. Mwaka jana, kampuni ya bima ya mtu aliyemgonga ilipomzungusha Bi Mwatumu, huyu huyu aliwaita wezi. Leo alikwaruza rangi kwa ukucha.

"Mama, kutu hii ya zamani."

"Mama? Juzi si nilikuwa dada?"

"Na huenda ulirudi nyuma wewe."

"Nikaligonga lori, Kandoro? Mimi na keki zangu?"

"Taratibu, mama. Fungua niangalie ndani."

Akafungua kamba. Springi zilishavunjika, kwa hiyo aliushikilia mfuniko kwa mkono mmoja, Kandoro akachomeka kichwa butini, akinusanusa kama paka aliyesikia harufu ya dagaa.

"Shikilia vizuri, mama," sauti ikatoka humo ndani.

Mfuniko ulikuwa mzito. Bi Mwatumu aliitazama ile shingo nyembamba, na mkono ukaanza kumchoka.