Jiwe Zito Kuliko Yote

Watiri hakuuliza bei. Aliipita misalaba ya makaburi iliyopangwa uani, akayapita na mabamba yenye maua ya kuchonga, kisha akauliza lipi zito kuliko yote.

Fundi Kingori aliacha kugonga patasi. "Ati zito? Mama, watu huuliza zuri."

"Mimi nataka zito."

Akamwonyesha bamba la kijivu lililoegemezwa ukutani, fupi lakini nene, ambalo wateja wa Karatina walikuwa wamelikataa miaka nenda miaka rudi. Watiri alilisukuma kwa mikono miwili. Halikutikisika. Akaridhika.

"Ni la nani?"

"La mume wangu, Mathenge."

"Pole, mama. Kaburi liko wapi?"

"Sina kaburi. Walimtoa nyumbani wakati wa Emajensi, siku zile za Mau Mau."

Kingori aliitazama patasi yake, akaanza kuifuta vumbi. "Basi chukua msalaba mwepesi," akasema. "Utausimamisha popote. Nitakupa bure. Hii jiwe itaumiza watu tu."

Watiri alikataa. Shida yake haikuwa jiwe, ilikuwa mahali pa kuliweka. Wanaume waliojifunika magunia usoni wasijulikane walimtoa Mathenge kitandani, yeye akiwa na mimba ya Wacera. Alisikia bunduki ikilia huko huko shambani, halafu majembe, halafu kimya. Asubuhi watu wote wa pale wakaswagwa kama mbuzi kwenda kijiji kilichozungushiwa handaki, na waliporuhusiwa kurudi shamba lilikuwa pori.

Tangu hapo alilima kwa woga. Kwao kaburi halikanyagwi, hata likiwa la mtu baki, naye hakujua kama alikuwa akipanda mahindi juu ya kifua cha mume wake. Kila jembe alilishusha polepole. Majirani walimwambia asahau, uhuru si umekuja? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

"Niletee nyumbani Ruring'u, Jumamosi," akasema.

"Ruring'u kuna mafundi. Mbona ukawapita wote ukaja mpaka huku?"

"Niliambiwa kazi hii ni yako."

"Nani alikwambia?"

"Watu." Akajitanda leso yake. "Na uje mwenyewe, fundi. Usitume mtu."

Kingori alifungua kinywa kama mwenye la kusema, lakini mteja mwingine alikuwa ameingia. Akaitikia kwa kichwa.

Jumamosi iliamka na mvua. Lori liliwashusha barabarani, juu kabisa, kwa kuwa halingeweza kuteremka. Kingori alikuwa amekuja na Theuri, mchukuzi wa sokoni mwenye shingo ya fahali. Wakalifunga bamba kwa kamba kwenye miti miwili, wakajitwika mabegani, Theuri mbele na fundi nyuma.

Watiri aliwaita kutoka mlangoni mwa jiko. "Liwekeni nyuma ya nyumba, kando ya migomba!"

Tangu alfajiri hakuwa ametia kitu tumboni. Alisimama akiwatazama, mkono umeshika mwimo wa mlango.

Kutoka langoni hadi nyumbani palikuwa na njia moja tu, ile aliyoifyeka mwenyewe waliporudi kutoka kijijini. Ilikuwa imenyooka na kushindiliwa na miguu ya watu na mbuzi, ngumu hata wakati wa mvua. Huku na huku ilikuwa kahawa na tope.

Theuri aliifuata njia, mishipa ya shingo imemsimama. Mara miti ikavutwa kutoka nyuma, nusura aanguke.

"Pitia kwa kahawa," Kingori akasema.

"Mzee, si njia ni hii?"

"Nimesema kwa kahawa."

Wakaingia kwenye tope lililowafika magotini. Matawi yaliwachapa usoni, jiwe likayumba, Theuri akapiga goti moja chini na kuinuka akihema. Walizunguka kipande kidogo tu, kisha wakarudi kwenye njia ile ile, chini zaidi.

"Kwa uzito huu!" Theuri akanung'unika. "Nani huacha njia nzuri akaogelea matopeni? Kuna nini hapo?"

Kingori alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

"Tueni," Watiri akasema.

"Bado hatujafika kwa migomba, mama," Theuri akasema.

"Mmefika."

Wakatua. Watiri alitoka jikoni, akawapita wote wawili bila kuwatazama. Macho yake yalikuwa juu, kwenye kile kipande cha njia ambacho wanaume walikuwa wamekikwepa. Wacera alikuwa akiteremka na mtungi wa maji mgongoni, akiimba, kama alivyoteremka kila siku tangu walipotoka kijijini. Alipomwona mama yake anakuja mbio, akasimama.

"Wacera," Watiri akaita. "Toka hapo, mwanangu. Unamkanyaga baba yako."