Kofi Moja, Simama

Nerida alipiga paa la pikapu kofi moja. Pikapu haikusimama.

Akapiga tena, safari hii kwa ngumi. Alikuwa nyuma, juu ya tangi la maji, mkono mmoja umeshika mpira wa maji, mwingine umeng'ang'ania chuma. Mbele, mabua ya ngano yalikuwa yanawaka na moshi umefunga kabisa. Baba yake alikuwa anaendesha kuingia humo humo.

"Baba! Simama! Simama!"

Huku kwetu hata mtoto wa shule anajua: kofi moja simama, mawili twende. Ukiwa nyuma na mpira huna breki wala usukani. Una kiganja chako na sikio la dereva, basi.

Nerida akajitupa kifudifudi, akajimwagia maji mwilini. Moto ukampitia juu. Pikapu ikatokea upande wa pili, kwenye majivu, ikasimama penye uzio. Baba yake, Lindsay, akashuka, akamwona binti yake uso mweusi, nyusi hana.

"Mbona hukupiga?"

"Sikupiga? Nimepiga mpaka mkono umevimba!"

Lindsay akakaa chini pale pale kwenye majivu. Mzee yule si wa kukaa chini ovyo.

Moto wa kwa jirani ulizimwa kabla ya saa ya chai. Lakini kesho yake ulitarajiwa upepo wa kaskazini, ule mkavu wa joto, na upepo ule hauna huruma. Kila pikapu yenye tangi ilihitajika, pamoja na mtu wa kukaa nyuma yake. Darcy Pohlmann, kapteni wa wazima-moto wetu wa kujitolea, akaja mpaka jikoni kwa Lindsay, hakuvua hata buti.

"Niambie ukweli, mzee. Ulisinzia?"

"Mimi nisinzie kwenye usukani? Ni ile mikeka bwana!"

Darcy alijua mikeka gani. Wilaya nzima ilijua. Lindsay alikuwa ameagiza mikeka mizito ya lami, ile ya kubandika kwenye mabati ya gari kuzuia kelele, na tangu hapo ametuchosha nayo. Eti zamani kebini ilinguruma kama mashine ya kusaga. Eti sasa ni kimya kitupu, hata kokoto huzisikii.

"Kazi ya Glenys hiyo," alikuwa akitamba. "Mgongo wangu haukubali kulala chali mle ndani. Mke wangu ana mikono ya dhahabu."

Glenys alikuwa anamimina chai. Ikafurika kikombe, ikajaa kisahani.

"Sasa umeliziba gari masikio," Darcy akasema. "Unamweka binti yako kwenye moto, halafu wewe unajifungia kwenye jeneza! Sikiliza. Mikeka ibanduliwe leo. Ikitoka, kesho unaendesha. Isipotoka, Nerida hapandi."

"Kesho nitaendesha mimi," Glenys akasema, kwa ile sauti yake ya juu ya siku hizi.

Wanaume wakacheka.

"Wewe?" Lindsay akamtania. "Wewe uliyeligonga tangi la maji ya mvua mchana kweupe?"

"Basi nitaibandua mwenyewe. Gundi yake mbaya. Nerida apumzike."

"Hapana, mama," Nerida akasema. Alikuwa amekuja kutoka mjini Adelaide kusaidia mavuno tu. "Atakayeungua kesho ni mimi. Nitaitoa mimi, niione kwa macho yangu imetoka."

Lindsay akamshika binti yake bega.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikipenda kile kimya. Tangu nianze kulima sijawahi kupata raha kama ile. Kumbe ingeniulia mtoto."

Wakaenda bandani. Digger, mbwa wao, alikuwa amelala fofofo chini ya pikapu. Lindsay akawapa mgongo, akaanza kuukunja mpira wa maji kwa ajili ya kesho. Nerida akaingia kebini na bisibisi na kikwaruzo. Akafungua skrubu za dari, akashusha kile kitambaa, akainua kikwaruzo.

Hakukuwa na cha kukwarua. Lilikuwa bati tupu, halina mkeka wala alama ya gundi. Akang'oa plastiki ya mlango. Bati tupu. Akafunua zulia la chini. Bati tupu.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni pa banda. Amekumbatia furushi la mikeka, nailoni yake haijachanwa.

"Nilikuwa hata sijaanza," Glenys akasema. Hakushusha sauti. "Akadhani nimemaliza. Akaizungusha pikapu mara moja, akarudi anacheka kama mtoto. Akaniambia, 'Glenys, kimya kabisa!' Akanibusu. Jamani, ningemwambia nini?"

Nerida akashuka. Akakunja ngumi, akalipiga lile paa kwa nguvu zake zote. Banda zima likalia kama debe. Digger akachomoka chini ya gari akibweka.

Lindsay, hatua chache tu kutoka pale, aliendelea kuukunja mpira huku akipiga mluzi.

"Ukimaliza niambie, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Halafu piga kofi moja, tuone kama sasa nitasikia."