Chumba Kilichotengwa kwa Nguchiro

Inasemwa kwamba Ngiri alikuwa mkuu wa shimo lililoporomoka kila masika, na kila aliyeona sababu alifukiwa nayo.

"Tutenge chumba kimoja cha mawe, kikae kitupu," Nungunungu mchimbaji akashauri. "Shimo likianza kupasuka, Nguchiro mwenye macho makali akimbilie humo, apone, atueleze kilichotuangusha."

Chumba kikajengwa. Ngiri akakitazama kwa uchungu. "Chumba kitupu, na mimi mkuu nalala nimejikunja?" Akajaza humo viazi vyake, akajitupa juu yake, akakoroma.

Masika yakaja, shimo likapasuka. Nguchiro akaona ufa ulikoanzia, akakimbilia chumbani.

"Mzee, nisogezee kidogo!"

"Pamejaa," Ngiri akajibu, hata macho hakufumbua.

Nguchiro akafukiwa pale pale mlangoni. Wenzao waliokuwa malishoni wakaja kufukua, na Ngiri akatoka mzima, amenenepa.

"Mkuu, tumeangushwa na nini?" Nungunungu akauliza huku akimlilia Nguchiro.

"Nitajuaje? Nilikuwa nimelala. Ila chumba hiki kina faida, nimeiona kwa macho yangu. Chimbeni tena hapa hapa, na safari hii mnipanulie."

Nao wakachimba hapo hapo.