Nafasi ya Kinamasi

Zamani wanyama walikuwa wakishindana kucheza juu ya barafu ya mlimani. Mwaka mmoja Fisimaji, mwenye majivuno, alicheza vizuri hata kijiji cha kwao, Kinamasi, kikapewa nafasi moja katika mashindano makuu yaliyofuata.

"Nafasi yangu hiyo," akasema.

"Ya Kinamasi, bwana," akamjibu Korongo, mwamuzi asiyependa utani. "Mtaishindania hapa nyumbani."

Wakaishindania, na Bata, pamoja na woga wake wote, akamshinda kidogo. Lakini kanuni ilimtaka Bata kwanza afikishe alama za chini zilizowekwa, katika shindano dogo la mlimani. Asipozifikisha, nafasi ingekuwa ya Fisimaji.

Fisimaji akapanda mlima kwenda kumwona akianguka. Alijua kwamba Bata huingiwa na hofu kila anapofikia mruko wa mwisho.

Na kweli, alipoufikia akaanza kusita. Fisimaji akajikuta amesimama, anapaza sauti: "Kunja goti, dada! Usiangalie chini! Sasa, ruka!"

Bata akaruka, akazunguka hewani, akatua kwa mguu mmoja bila kuyumba. Alama zikatimia.

Fisimaji akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini alikuwa amekwisha kuchelewa.

"Ama wewe!" Korongo akamwambia. "Si umejinyima safari mwenyewe?"

"Najua, mzee, najua," akasema Fisimaji, akijipangusa macho. "Lakini hebu niambie, ulimwona alivyotua?"